Risala ya Chama cha Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi, Lamu

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, assalaam alaykum na hamjambo.

Tunakushukuru, mgeni rasmi, kwa kuitikia mwaliko na kuvuka maji hadi hapa. Tuna jambo moja tu, nalo liko nyuma ya ukuta huu.

Pale kuna kiwanja kitupu. Wazee wa mtaa wanatueleza kwamba kwa miaka mingi betri kuukuu zilipasuliwa hapo, sahani zake zikayeyushwa kwenye sufuria juu ya kuni, na madini ya risasi yaliyomo yakamiminwa mchangani kupata chubwi za nyavu na mishipi. Hatumlaumu mtu, watu walikuwa wakitafuta riziki. Lakini baada ya masika tulikwenda kufyeka, tukakuta vipande vyeusi vya makasha ya betri, jivu zito la kijivu, na katikati yake mchicha umestawi vizuri sana. Nusu yake ilikuwa imekwisha kuchumwa.

Mchicha ule ndio uliotukosesha usingizi. Risasi ni sumu, tena haiozi. Iliyoachwa na babu, mjukuu ataikuta. Mtoto mdogo akiimeza, mwili wake huifyonza mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Wenzetu wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Fedha hizo haziwezi kuitoa risasi mwilini mwa mtoto.

Sasa, iko mimea inayokunywa madini pamoja na maji. Mwaka 2001 watafiti wa Florida, Marekani, walitangaza kwamba aina moja ya kangaga, iliyoota mahali palipokuwa pakitiwa mbao dawa, ilikuwa ikifyonza sumu ya aseniki na kuipandisha hadi majanini. Huko New Caledonia, visiwa vya bahari ya Pasifiki, kuna mti ambao ukiukata hutoa utomvu wa rangi ya buluu na kijani; utomvu huo ukikauka, robo ya uzito wake yaweza kuwa madini ya nikeli.

Sisi, ili kuivuta risasi ya kiwanja kile, tumechagua kupanda mbarika. Huota wenyewe majalalani, hustahimili jua, na punda kwa kawaida huupita tu, jambo ambalo kwa mji wetu si dogo. Hatutarajii muujiza. Udongo wetu una chokaa ya matumbawe, na chokaa huishika risasi isivutwe upesi; hata ile inayovutwa, nyingi hubaki mizizini. Kazi hii ni ya miaka. Ila tangu mwaka wa kwanza mizizi itaushika udongo, na upepo wa kusi hautatupeperushia vumbi lile madarasani. Siku ya kuvuna tutang'oa mmea wote na mizizi yake. Hautakuwa kuni, hautakuwa mbolea, wala mbegu zake hazitakamuliwa mafuta.

Mgeni rasmi, tunaomba mambo matatu. Kubwa ni kupimiwa udongo maabara kabla hatujapanda, na kila mwaka baada ya hapo, kwani pasipo vipimo tutakuwa tunalima bustani tu. Pili, ua wa kuzuia watoto na wachuma mboga. Tatu, mapipa yenye vifuniko ya kuhifadhia tutakachong'oa, na mtu wa mazingira wa kaunti atuelekeze pa kuyapeleka.

Akina mama, tunawasihi: mboga ya kiwanja kile msiipike, hata ikioshwa mara saba.

Miche 12 tumeiotesha kwenye makopo, iko kivulini hapo nje. Majibu ya maabara yakija, tutakualika tena uupande wa kwanza kwa mkono wako. Glavu tutakuwekea.

Ahsante.