Barua kwa wazazi vijana: msiimalize hadithi haraka

Wanangu,

Nimekaa na wengi wenu mkiwahadithia watoto, na kuna jambo linanikera. Hadithi ikiisha tu, mnarukia: "Haya, tumejifunza nini?" Mtoto anajibu, "Tusiwe wachoyo," anapigiwa makofi, basi. Hapo amejua kujibu mtihani.

Chukueni kisa cha Kima na Papa. Ni cha zamani; Askofu Edward Steere alikisikia Unguja akakichapisha London mwaka 1870, na bibi zetu walikuwa nacho kabla yake. Kima yuko juu ya mkuyu kando ya bahari, kila siku humtupia papa matunda. Siku moja papa anamwambia, twende kwetu nikulipe fadhila zako, panda mgongoni. Wakiwa katikati ya bahari ndipo anapomfungulia: sultani wetu ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima.

Hapo nyamazeni. Ulizeni, "Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Mmoja atasema angeruka majini. Muulizeni pwani iko umbali gani. Mwingine atasema angempiga papa ngumi. Mwacheni aieleze hiyo ngumi yake mpaka acheke mwenyewe. Mdogo wao akitaka kulia, mpakateni. Kisha endeleeni: kima hakupiga kelele. Alisema, "Si ungeniambia kule kule! Sisi kima tukisafiri, mioyo huiacha mtini." Papa akageuza njia.

Bado kuna swali moja, nalo msilipite upesi. Mbona papa alianza na maneno ya fadhila? Watu wazima wanaowadhuru watoto nao huanza hivyo hivyo, kwa pipi, kwa lifti, kwa "njoo kwangu nikupe kitu." Mtoto aliyemchunguza papa vizuri mtaweza kuzungumza naye habari hizo bila kumtisha. Muulizeni pia kima angemuaga nani kabla ya kupanda mgongoni. Hadithi isipoisha usiku huo, haidhuru, kesho ipo.

Mengine ni madogo. Mtoto akidanganya asubuhi, jioni msimletee kisa cha mwongo. Atajua ni fimbo tu imevaa kanzu. Zile hadithi za mama wa kambo mwovu, kwenye nyumba yenye mama wa kambo tafuteni nyingine, hazijaisha. Wala msimwite mtoto mlafi "fisi", jina litamganda. Akitaka hadithi ile ile mara ya kumi, mpeni, na siku atakapowakatiza, "Hapana, papa hakusema hivyo," mwambieni aendelee yeye.

Nanyi akina baba, msiniambie hadithi ni kazi ya bibi. Mimi kima namweza, lakini sauti ya papa inataka kifua chenu.

Ni mimi bibi yenu,
Tanga