Kabla hujauziwa pampu na loki, fungua kwanza ule mpira wa buti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wenzangu wenye magari ya zamani na hasa mafundi umeme, maana jambo lenyewe linaonekana dogo lakini limenila hela mwaka mzima na mwezi uliopita limeniweka barabarani usiku na mwanangu, na sitaki limkute mtu mwingine.

Gari langu ni la mwaka 2004, yale ya buti la kunyanyuka juu lenye kioo na waipa yake ya nyuma, yamejaa kila mtaa. Buti halina sehemu ya kuingiza ufunguo, unabonyeza swichi ya mpira pale juu ya namba, loki inalia tak, unanyanyua. Basi mwaka jana ikaanza kuchagua siku. Leo inafungua kesho haifungui, ukiligandamiza buti kwa mkono huku unabonyeza linafunguka. Kipindi hichohicho maji ya waipa ya nyuma yakakata, ya mbele yanaruka vizuri tu, ila nyuma unasikia mota inalia vuuu na kwenye kioo halifiki hata tone.

Fundi wa kwanza akasema pampu imekufa. Nikanunua ya mtumba elfu 35, akafunga, hamna kitu. Akasema basi buti ni loki, nikanunua loki elfu 60, ikafanya kazi siku mbili ikarudi palepale. Fundi wa pili yeye akafunga kamba kwenye loki kwa ndani akaitoboza kwenye kava, kwamba likigoma niingie kiti cha nyuma nivute. Kuhusu maji akaniambia mzee hayo ya nyuma watu hawatumii. Mtu anayesema hivo hajawahi kutoka Morogoro kuja Dar kipindi cha masika nyuma ya malori, kioo cha nyuma kinageuka ukuta wa tope na bodaboda anayekuja nyuma yako humuoni kabisa.

Sasa natoka Ifakara na magunia ya mchele, kufika Mlandizi saa 5 usiku tairi la nyuma likapata pancha. Spea, jeki, spana na triango vyote viko chini ya sakafu ya buti. Nikabonyeza swichi, kimya. Nikagandamiza, kimya. Kamba ya fundi iko ndani, imezibwa na magunia. Ikabidi mimi na mwanangu tushushe mchele wote kupitia mlango wa pembeni tuupange kando ya lami alafu yeye ndo akatambaa ndani gizani kuitafuta kamba, na muda wote huo hatuna hata triango moja barabarani kwa sababu triango zenyewe ndo zimefungiwa. Mimi nimesimama nyuma napunga tochi ya simu, lori linakuja na mataa yake silijui limeniona au halijaniona. Karibu masaa mawili. Mpaka leo nikikumbuka mwili unasisimka.

Aliyenisaidia sio fundi magari, ni jirani yangu anayetengeneza redio na tivii. Aliniuliza swali moja tu: hayo matatizo mawili yalianza lini? Nikamwambia yote yalianza mwezi uleule mmoja. Akasema basi tukaangalie sehemu ambayo waya na maji vinapita pamoja. Kwenye kona ya juu ya buti, pale kwenye bawaba, kuna mpira mweusi wenye mikunjo kama ya akodiani unaotoka kwenye bodi kuingia kwenye mlango wa buti. Waya zote za buti zinapita humo, za loki, swichi, mota ya waipa, taa ya namba, taa ya breki ya juu, na kwa gari langu hata mpira wa maji unapita humohumo. Kila ukifungua na kufunga vinakunjwa, na gari lenye miaka 20 limeshafunguliwa buti mara ngapi?

Akauchomoa huo mpira pande zote mbili, akaanza kuvuta waya mmoja mmoja taratibu. Waya mzima ukiuvuta unakaza. Uliokatika ndani unavutika kama lastiki, maana shaba imeshaachana limebaki ganda tu. Kati ya waya 7, 4 zilikuwa hivo, pamoja na ule wa ethi, yaani unaorudisha umeme kwenye bodi. Ndo maana kugandamiza buti kulisaidia, ncha zilikuwa zinagusana kwa bahati. Na ndo maana loki mpya ilifanya kazi siku mbili, sio upya wa loki, ni vile fundi alivotikisa waya wakati anafunga.

Maji nayo, kale kampira kalikuwa kamechomoka kwenye jointi humohumo ndani. Yaani mwaka mzima kila nikibonyeza maji ya nyuma yalikuwa yanamwagika ndani ya dari yanashuka pembeni mpaka kwenye shimo la spea. Nilikuwa nashangaa kwanini kapeti la buti linanuka uvundo, kunyanyua sakafu tukakuta jeki limeota kutu. Na pampu ya watu ilikuwa nzima! Pampu ya gari langu ni moja yenye midomo miwili, ikizunguka huku inapeleka maji mbele, ikigeuza inapeleka nyuma, kwahiyo kama mbele maji yanaruka na nyuma unaisikia inalia, ufuatilie mpira wa maji kwanza kabla hujaitupa pampu.

Alichofanya: akachomoa betri, akakata kila waya mbovu sehemu mbili, moja ndani ya bodi na nyingine ndani ya mlango, alafu akaunga kipande kipya chenye nyuzi nyembamba nyingi na unene uleule, kirefu kidogo kisikaze buti likiwa juu. Maungio yakakaa nje ya ile sehemu inayokunjwa na hakuyapanga sehemu moja yasifanye nundu. Kila ungio limechomwa risasi na kuvalishwa kampira kale kanakosinyaa kwa moto. Tepu nyeusi peke yake kwa joto letu gundi inayeyuka, baada ya miezi waya ziko uchi zinagusa bodi na fyuzi zinaanza kuungua. Mpira wa maji ulikuwa umekakamaa mwishoni, akakata ncha kama sentimita 2, akalainisha kwenye maji ya moto akausokomeza kwenye jointi mpya. Nozeli, kale katundu kanakorusha maji kwenye kioo, ilikuwa imeziba na chumvi ya maji ya kisima, akaizibua kwa sindano. Vitu vyote elfu 12, yeye nikampa elfu 30 na hakutaka zaidi.

Mafundi wetu wengi ni wazuri na wanajituma juani kutwa, nawaheshimu. Ninachoomba ni kimoja, gari la buti la namna hii likija na tatizo lolote la umeme wa nyuma, iwe loki, waipa, taa ya namba inayofifia au taa inayowaka ukikanyaga breki wakati sio yake, anzia kwenye ule mpira. Ni dakika 10 na hauhitaji kununua kitu. Na ukitoa waya mbovu mpe mteja aushike mwenyewe kabla hujataja bei.

Na wewe ambaye buti lako limeshaanza kuchagua siku, leo hii kabla hujalipeleka popote toa triango, jeki na spana ya tairi uviweke chini ya kiti cha mbele.

Msomaji wako,
Kibaha, Pwani