Shukrani kwa kaka uliyetutengenezea pampu

Kaka, uliondoka hata jina hatujakuuliza, Mungu akubariki sana. Wiki nzima tulikuwa tukiamka alfajiri kuijaza pampu maji kwa jagi. Inavuta kidogo, kisha inaunguruma bure. Tukaamini kisima kimekauka.

Wewe ulishusha kamba yenye jiwe, ukapima: maji yapo mita 5 chini. Ukatueleza kwamba pampu inayokaa juu ya ardhi, kama yetu, huvuta vizuri mpaka mita 7 hivi, zaidi ya hapo inahitajika ya kuzamishwa, kwa hiyo kisima chetu hakina kosa. Halafu ukapaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba la kuvutia maji. Sitasahau lile povu likinyonywa ndani pale kwenye kiwiko! Hewa ilikuwa inaingia hapo. Na vali ya chini, ile inayozuia maji yasirudi, ilikwama wazi kwa punje moja ya changarawe, ndiyo maana maji yalirudi kisimani kila tukizima.

Sasa tangi linajaa. Mama jana alifungua bomba la jikoni, akaacha mkono wake majini kwa muda, kimya.

Malipo uliyakataa. Tafadhali pita tena, tukushike mkono.