YAH: MALALAMIKO KUHUSU KADI YA VIDEO ILIYORUDISHWA BILA KUFUNGULIWA

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Nilinunua kadi ya video kwenu, ikaharibika baada ya wiki tatu, nikawaletea kwa mujibu wa waranti ya mwaka 1. Jana mmenirudishia ikiwa na kikaratasi kinachosema: "Imepimwa, haina tatizo. Pawa saplai ya mteja haitoshi." Yaani kifaa kinacholisha kompyuta yangu umeme ni dhaifu mno kwa kadi hiyo. Kadi haijapimwa, na nitaonyesha nimejuaje.

Kompyuta yangu ni ya mezani na ni ya zamani, hilo sikatai. Kadi yake ya kwanza ilikufa polepole: ilianza mistari ya kijani, picha ikawa inaganda, mwishowe giza. Nikiwasha, nasikia mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, ambao kwa bodi yangu kuu (motherboard) maana yake ni hitilafu ya video. Hata hivyo sikukimbilia dukani. Nilibadilisha kebo, nikaazima monita nyingine, nikachomoa RAM (kumbukumbu ya kompyuta) na kuirudisha, nikasugua meno ya dhahabu ya kadi kwa kifutio cha penseli. Giza lile lile. Nilipoitoa kadi kabisa na kuchomeka monita kwenye tundu la bodi yenyewe, picha ikaja. Mgonjwa akawa amejulikana.

Kabla ya kununua kadi yenu nilimweleza muuzaji wenu umri wa kompyuta, ukubwa wa kasha na pawa saplai niliyonayo. Akasema itaingia na itafanya kazi, na kweli ilifanya. Sloti za PCIe, yaani nafasi za kuchomekea kadi kwenye bodi, hupokea kadi za matoleo mapya hata kama bodi ni ya toleo la nyuma; sikubahatisha. Kwa hiyo naomba hoja ya "kompyuta yako ni ya zamani mno", niliyoambiwa kwenye simu, isirudiwe.

Wiki tatu baadaye vikatokea vitone vya zambarau, vimetapakaa kama mtu amenyunyizia skrini rangi kwa brashi. Nikapiga simu. Nikaambiwa niweke upya draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. Nikaweka. Nikapiga tena, nikaambiwa nifute draiva zote kisha niweke upya. Nikafuta. Mara ya tatu mtu mwingine kabisa akaniambia, jamani, nijaribu draiva. Sijui kwa nini watu wenu wanaipenda draiva kiasi hiki. Vitone vile vinaonekana nikiwasha tu, juu ya nembo ya mtengenezaji wa bodi, na nikiingia kwenye mipangilio ya BIOS, programu ya bodi inayotangulia Windows, bado vipo. Wakati huo Windows haijaanza hata kuamka. Draiva ambayo haijapakiwa itachafuaje skrini?

Sasa hili la pawa saplai. Boksi la kadi yenu limeandikwa kwamba kadi inataka pawa saplai ya wati 300. Yangu ni ya 450. Kadi yenu haina tundu la waya wa umeme wa ziada. Chakula chake chote inakipata kwenye sloti, na kikomo cha sloti ya x16, ile ndefu ya kadi za video, ni wati 75. Kadi yangu ya kwanza ilikuwa inakula kwenye sloti na bado inaongezewa kwa waya wa pini 6. Pawa saplai iliyolisha kadi yenye njaa zaidi miaka yote ile, imeshindwaje na hii?

Mtu anaweza kusema pawa saplai nayo huchoka. Ni kweli, ndiyo maana sikuishia kwenye hesabu. Nilichukua kadi yenu nikaichomeka kwenye kompyuta ya rafiki yangu, mpya kuliko yangu: vitone vile vile, tena kwenye nembo. Kadi yake tukaiweka kwangu, ikafanya kazi jioni mbili bila kasoro hata moja. Kadi yenu inaumwa popote inapokwenda, na kompyuta yangu ni nzima ikiwa na kadi ya mwingine.

Nirudi kwenye lile neno "imepimwa". Nilipowaletea kadi, niliirudisha kwenye mfuko wake wa kijivu unaong'aa, nikaukunja mdomo mara mbili, nikaufunga kwa selotepu. Juu ya selotepu nikaandika tarehe kwa kalamu ya wino, mwandiko ukianzia kwenye selotepu na kuishia kwenye mfuko. Jana nilipofungua boksi, mfuko ulikuwa vile vile. Selotepu haijakatwa wala kubanduliwa, na tarakimu ya 4 niliyoikosea na kuirudia juu yake bado imekaa palepale, nusu huku nusu kule. Naomba mniambie fundi wenu aliipimaje kadi iliyo ndani ya mfuko uliofungwa.

Kadi kuharibika hakunikasirishi sana. Ni kifaa, na waranti ipo kwa sababu hiyo. Kilichonikera ni kupigwa danadana wiki nzima na mwishowe kuandikiwa jambo ambalo halikufanyika.

Naomba mambo mawili ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii: mnipe kadi nyingine ya aina hiyo hiyo au mnirudishie fedha yangu yote; na mnieleze kwa maandishi nani alisaini kikaratasi kile na alipima nini. Nisipojibiwa nitapeleka suala hili kwenye mamlaka ya kumlinda mlaji.

Nimeambatisha nakala ya risiti, kikaratasi chenu, na picha za skrini kwenye kompyuta zote mbili. Kadi naituma tena pamoja na barua hii, ndani ya mfuko ule ule. Selotepu ya kwanza sijaigusa. Upande wa pili wa mfuko ndiko nilikokata na kufunga upya, na picha za kabla na baada ninazo.

Wenu,
Mteja mwenye risiti iliyoambatishwa