Tope la Msimbazi lipimwe kabla ya kuzolewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo mafuriko ya Mto Msimbazi hapa Dar es Salaam yanapojadiliwa silisikii: tope lililo chini ya maji.

Mto huu unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini kwenye daraja la Salender. Njiani unabeba maji machafu ya viwandani na ya gereji. Watafiti wameshakuta madini ya risasi, kadimi na kromi kwenye tope lake na kwenye mboga za bondeni. Metali hizi nzito haziozi. Hung'ang'ania chembe laini za udongo na kutuama nazo, kwa hiyo maji yanaweza kupimwa yakaonekana nafuu huku sumu imelala chini. Petroli yenye risasi iliachwa Afrika kusini mwa Sahara kufikia 2006, lakini risasi iliyokwisha kuingia mtoni haikwenda popote.

Tope hilo likifukuliwa na kupata hewa, sehemu ya metali huachia na kurudi majini. Kaa na minyoo wa mikoko ya Salender hula humo, na samaki na ndege huwala wao.

Mvua ikikatika, vijana hushuka mtoni na makoleo, maji yakiwafika magotini, wakarundika mchanga kingoni kusubiri malori. Chini ya mchanga hutoka tope jeusi linalonuka. Hilo hutupwa pembeni, na watoto hulifinyangia vyungu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Sasa kuna mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022, na kuchimba mto ni sehemu yake. Nauunga mkono kwa moyo wote. Mafuriko ya Desemba 2011 peke yake yaliua zaidi ya watu 40 jijini. Ila tope lipimwe kila eneo kabla ya kuchimbwa, na majibu yabandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa, kwa Kiswahili. Litakalokutwa na sumu lisiende kujazia viwanja wala kwenye matuta ya mchicha. Vijana wa mchanga nao waelezwe wasichimbe wapi, badala ya kukimbizwa na mgambo.

Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) na wasimamizi wa mradi, tunaomba mtutajie tarehe ya vipimo hivyo.

Mkazi wa Kigogo,
Dar es Salaam