Tina inauzwa kwenye chupa za maji, onyo lake linabaki kwenye pipa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie tina, yaani kile kimiminika ambacho mafundi samani, wapaka rangi na mafundi wa bodi za magari tunakitumia kuzimulia rangi na vanishi na kusafishia brashi. Kemikali hii hutoka kiwandani ikiwa kwenye pipa lenye lebo, lenye alama ya mwali wa moto ndani ya umbo la almasi lenye mpaka mwekundu, na lenye maelekezo ya namna ya kuihifadhi na la kufanya ikiwaka. Ikifika dukani inamiminwa kwenye chupa za maji ya kunywa na vidumu vya mafuta ya kula, na kuanzia hapo anayeibeba, anayeitumia na anayelala nayo chumba kimoja hawana habari yoyote ya kitu walichokishika. Naomba utaratibu huu ukomeshwe. Na kwa kuwa najua hautakoma kesho, naomba pia uniruhusu niwaeleze wenzangu wa karakana yale ambayo lebo ile ingewaeleza.

Tina nyingi zinazotumika na vanishi ya kupiga kwa spreyi ni mchanganyiko wa viyeyushi kama toluini, zailini na asetoni, kwa viwango vinavyotofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda. Toluini hutoa mvuke wa kutosha kushika moto ikiwa na joto la nyuzi 4 tu za Selsiasi, na asetoni hufanya hivyo hata ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Mafuta ya taa, ambayo kila nyumba inayaogopa na kuyaweka mbali na watoto, yanahitaji kufikia nyuzi 38 au zaidi. Dar es Salaam haijui baridi ya nyuzi 4 hata usiku wa Julai, kwa hiyo tina iliyoachwa wazi katika mji huu iko tayari kuwaka saa yoyote ya mchana au usiku. Kwa tabia iko karibu na petroli kuliko mafuta ya taa, lakini mafundi wengi wanaishika kama mafuta ya taa, na wengine wanaishika kama maji.

Jambo ambalo ningependa kila fundi alijue kuliko mengine yote ni kwamba kinachowaka ni mvuke. Mvuke wa toluini ni mzito kuliko hewa kwa zaidi ya mara 3, kwa hiyo haupandi juu ukatokea dirishani kama moshi wa jikoni, bali unashuka, unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango na kulifikia jiko la mkaa la mama lishe au cheche za grainda ya jirani zilizo hatua nyingi kutoka hapo, kisha moto unarudi kwa njia ile ile mpaka kwenye chombo mvuke ulikotoka. Ndiyo maana mtu anayesema "mimi sikuwasha kiberiti" anaweza kuwa anasema kweli kabisa na karakana yake ikawa imeungua.

Tuchukue chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.5, kama zilivyo fremu nyingi tunazopanga. Toluini ya lita moja na kidogo ikikauka yote humo ndani bila hewa kupita, inatosha kufanya mvuke uwe asilimia 1.1 ya hewa ya chumba kizima, na kuanzia kiwango hicho cheche moja inaweza kukilipua. Lita moja si kiasi kikubwa kwa fundi anayepiga vanishi seti ya viti. Tena, kwa kuwa mvuke haujisambazi sawasawa bali unalala chini, usawa wa magoti unafikia kiwango hicho mapema zaidi, kwa kiasi kidogo zaidi, na usawa wa magoti ndipo ilipo soketi ya ukutani na ndipo ilipo kompresa, yaani mashine inayosukuma hewa ya spreyi.

Kwa hiyo dirisha la juu peke yake halisaidii. Chumba cha kupigia spreyi kinahitaji matundu chini, karibu na sakafu, upande upepo unakoelekea, na kompresa ikae nje, upande upepo unakotoka. Feni ya kawaida isiwekwe katikati ya mvuke, kwa sababu mota yake inatoa cheche. Ikae mahali penye hewa safi isukume hewa kuingia ndani. Penye nafasi, spreyi ipigwe nje, na wakati huo pasiwe na kuchomelea, grainda, sigara wala jiko. Najua hili la jiko ni gumu, kwa sababu mama lishe naye anatafuta riziki na wateja wake ni sisi, lakini ni bora tukubaliane naye sehemu maalumu kuliko kumwacha akae mlangoni.

Kumimina nako kuna hatari ambayo haionekani. Toluini ikipita kwenye mpira au funeli ya plastiki kwa kasi hujikusanyia umeme tuli, ule ule unaosikika ukivua shati la nailoni, na cheche yake ndogo inatosha kuwasha mvuke unaotoka mdomoni mwa chombo. Dumu la plastiki halina njia ya kuutoa umeme huo. Inapaswa kutumiwa kopo la chuma lenye kifuniko cha kubana, mdomo wa chombo kimoja uguse mdomo wa kingine, umiminaji uwe wa taratibu, na pipa kubwa la chuma liunganishwe kwa waya na kopo linalojazwa na kisha na ardhi. Waya wenye vibanio viwili hauzidi bei ya msasa wa siku chache, na sijaona sababu ya kuukosa.

Halafu kuna matambara. Matambara yaliyolowa tina yanawaka haraka, lakini yale yaliyolowa mafuta ya kitani au vanishi ya mafuta ni mabaya kwa namna nyingine, maana mafuta hayo yakiwa yanakauka yanatoa joto, na tambara likikunjwa na kutupwa kwenye rundo la maranda joto hilo halina pa kutokea, linaongezeka kwa saa kadhaa mpaka rundo linajiwasha lenyewe usiku wakati karakana imefungwa. Yatandazwe nje moja moja mpaka yakauke kabisa, au yatiwe kwenye ndoo ya chuma yenye maji na kifuniko.

Sasa nije kwenye moto wenyewe. Miaka ya nyuma, karakana ya jirani yangu, kijana mmoja alikuwa anasafisha brashi kwenye kopo la wazi, likashika moto. Mwali haukuwa mkubwa, ulikuwa kimo cha mkono tu juu ya kopo. Akafanya kile ambacho karibu kila mtu angefanya: akalinyakua kopo akimbie nalo nje ili kuokoa mbao. Alipofika mlangoni upepo uliurudisha mwali usoni kwake, mkono ukaachia, tina iliyokuwa inawaka ikamwagika kwenye suruali yake na kwenye maranda yaliyotapakaa chini. Mwenzake akaja na ndoo ya maji akamwaga, na kwa kuwa tina ni nyepesi kuliko maji na toluini na zailini zake hazichanganyiki nayo, moto ulipanda juu ya maji na kusambaa nayo mpaka chini ya meza ya randa. Kijana yule alipona, lakini mguu wake wa kushoto hadi leo haukunjiki vizuri.

Kopo linalowaka halibebwi. Linafunikwa pale pale lilipo, kwa kifuniko chake au kwa sufuria, bati au kipande cha ubao mpana kinachoziba mdomo wote, likitelezeshwa kutoka pembeni na si kutupwa kutoka juu, kisha linaachwa limefunikwa mpaka lipoe, kwa maana likifunuliwa lingali la moto linawaka tena. Ikiwa tina imekwisha kumwagika na inawaka sakafuni, kinachofaa ni mchanga mkavu, kizimamoto cha poda kavu au cha povu, na kwa moto mdogo ndani ya chumba hata cha gesi ya kaboni dayoksaidi. Mwenye kizimamoto asimame hatua mbili tatu mbali, mgongo uelekee mlango wa kutokea, apulize kwenye shina la moto na si kwenye ndimi zake. Kizimamoto cha poda cha kilo 6 hakimalizi nusu dakika kabla ya kwisha, kwa hiyo hakina nafasi ya kujaribu jaribu. Kisipotosha, watu watoke wote, milango ifungwe, wapige 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na wawaambie kwa maneno ya wazi kwamba ndani mna tina, ni kiasi gani, na kama kuna mitungi ya gesi, maana hayo ndiyo yanayowafanya waje na povu badala ya maji matupu.

Tina ikimwagika bila kuwaka, ugomvi wa kwanza ni na vyanzo vya moto: majiko yazimwe, grainda isimame, na asiguse mtu swichi yoyote ndani ya chumba, si kuwasha wala kuzima, bali umeme ukatwe kwenye kikata umeme kilicho nje. Mafundi wengi wana mazoea ya kufunika kimiminika kwa vumbi la mbao. Kwa tina, hilo ni kuiongezea kuni. Itumike mchanga, na mchanga ule ukusanywe kwa koleo lisilotoa cheche, uwekwe kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko. Na isisukumwe kwenye mtaro, kwa sababu itaelea juu ya maji ya mtaro na kusafiri mpaka kwenye nyumba za watu. Wakazi wa mtaa wa Sinai, Nairobi, waliyaona hayo kwa petroli Septemba 12, 2011, pale mafuta yaliyovuja kwenye bomba yalipoingia mtaroni na kushika moto katikati ya makazi, watu wapatao 100 wakapoteza maisha.

Mtu ambaye nguo zake zinawaka asikimbie, alale na kuviringika, au afunikwe blanketi zito la pamba. Nguo zilizolowa tina, hata kama hazijawaka, zivuliwe haraka mbali na moto. Jeraha la moto lipoozwe kwa maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, bila barafu, na bila dawa ya meno, asali, yai wala unga, kwa sababu vitu hivyo vinafungia joto na uchafu ndani na vinampa daktari kazi ya kuvibandua kabla hajaanza kutibu. Tina ikiingia machoni, yaoshwe kwa maji kwa dakika 15 kope zikiwa wazi. Anayelewa mvuke, akawa na kichwa kizito na kizunguzungu, apelekwe kwenye hewa safi na asirudi kazini siku hiyo kwa kujikaza.

La mwisho katika haya ndilo linalonifanya nisikubali chupa za maji hata siku moja. Mtoto akikuta tina kwenye chupa ya maji ya kunywa ataiweka mdomoni, na mtu mzima mwenye kiu naye ataiweka. Aliyeinywa asitapishwe, na asipewe maziwa wala mafuta kama wengi wetu tulivyofundishwa, maana hatari kubwa ni tina kuingia kwenye mapafu wakati inapanda. Asukutue mdomo, aketi wima, akimbizwe hospitali pamoja na chombo chenyewe. Lakini daktari akiishika chupa ile ataona picha ya mlima na chemchemi, na hatajua kama ndani mna toluini, asetoni au petroli iliyochanganywa.

Sheria zipo. Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 iko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka huo huo iko chini ya OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Kila pipa pia lina karatasi yake ya taarifa za usalama yenye sehemu 16, zikiwemo za huduma ya kwanza na za kuzima moto, ila mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza na hubaki ofisini kwa aliyeuza kwa jumla. Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, watu zaidi ya 100 walikufa kwa moto wa lori la petroli, na tangu hapo hakuna anayehitaji kuambiwa petroli ni nini. Tina bado haina heshima hiyo.

Ninachokiomba kwa mamlaka hizo ni kidogo na kinapimika. Muuzaji yeyote anayefungua pipa na kuuza kwa rejareja atakiwe kutumia makopo ya chuma yenye kifuniko, kila moja likiwa na lebo ya Kiswahili yenye jina la kemikali, alama ya moto, maneno yasiyozidi kumi juu ya kuzima, na namba 114. Mnunuzi aruhusiwe kurudisha kopo na kujaziwa, ili bei isimpandie. Na uongozi wa kila eneo la mafundi, kuanzia hapa kwetu Keko, upewe nakala ya karatasi ile ya taarifa za usalama kwa Kiswahili ya kubandika ukutani, pamoja na pipa la mchanga kwa kila safu ya karakana, ambalo sisi wenyewe tuko tayari kulichangia.

Fundi samani,
Keko, Dar es Salaam