Kasi ya gemu za PSP kwenye simu haiuzwi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalowapotezea vijana wetu fedha bila sababu. Mimi ni fundi simu hapa Tanga, na mara kwa mara huletewa simu nzima kabisa ambayo mwenyewe anaamini imechoka, kwa kuwa tu gemu za PSP, ile mashine ya mkononi ya gemu ya Sony, anazozicheza kupitia PPSSPP, programu inayoiga mashine hiyo ndani ya simu, zinakwenda polepole, sauti inakatikakatika na wachezaji wa mpira wanakimbia kama watu waliozama majini hadi kiunoni. Wengi huwa wamekwisha kutozwa fedha kwingine ili wawekewe toleo la Gold, wakiahidiwa kwamba hilo ndilo lenye kasi.

Ahadi hiyo si ya kweli. PPSSPP, iliyoanzishwa na Henrik Rydgård na kutolewa mwaka 2012, ni programu huria inayopatikana bure. Gold ni programu ileile, inayonunuliwa na mtu anayetaka kumuunga mkono mtengenezaji, na haina kasi zaidi ya ile ya bure. Anayemuuzia kijana nakala iliyorushwa kwa WhatsApp hamfaidii kijana huyo wala mtengenezaji.

Kinachohitajika ni kuipunguzia simu kazi. PSP yenyewe ilikuwa na prosesa isiyozidi megahezi 333 na kioo cha pikseli 480 kwa 272, hivyo mtu huweza kushangaa simu ya leo inashindwaje na mashine ya mwaka 2004. Sababu ni kwamba simu hulazimika kutafsiri maagizo yaliyoandikwa kwa ajili ya prosesa ya aina nyingine, huku gemu ikiendelea, na sehemu kubwa ya kazi hiyo huangukia kiini kimoja tu cha prosesa ya simu, ndiyo maana simu ya bei nafuu hujisifia viini vinane na bado ikazidiwa. Gemu ya fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde huipa simu takriban milisekunde 17 kumaliza kila fremu. Ikichelewa, mchezo mzima huchelewa pamoja na sauti yake.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa sekondari aliniletea simu ya RAM ya GB 2. Niliwasha kipimo cha kasi kilichomo ndani ya mipangilio ya programu, nacho kikaonyesha asilimia 58. Nilipofungua sehemu ya picha nikakuta ukubwa wa uchoraji umewekwa mara nne ya ule wa PSP, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea hesabu, kwa sababu mara nne kwa upana na mara nne kwa urefu ni pikseli mara 16: kutoka 130,560 hadi zaidi ya milioni 2 katika kila fremu. Niliurudisha kwenye mara moja, nikazima ukuzaji wa picha za nyuso za vitu, kisha nikabadilisha njia ambayo programu huitumia kuiagiza chipu ya michoro ya simu, kutoka OpenGL kwenda Vulkan. Kipimo kikapanda hadi 100, na kijana akakiri kwamba katika kioo kidogo vile haoni tofauti kubwa ya picha. Sikumtoza kitu, kwa kuwa sikutengeneza chochote.

Vulkan si dawa ya kila simu, kwani ziko ambazo viendeshi vyake, yaani programu zinazoendesha chipu ya michoro, ni vibovu na OpenGL huzifaa zaidi. Lazima ujaribu zote mbili kwa gemu ileile, mahali palepale pa mchezo. Kuruka fremu nako kuwe hatua ya baadaye, kwa sababu kunaokoa kasi kwa kuacha picha fulani zisichorwe, na macho huona mruko huo. Joto nalo lisisahauliwe: simu inayochezewa gemu ikiwa kwenye chaji, ndani ya kava nene, katika joto letu la pwani, hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, na ndiyo maana gemu nyingi huanza vizuri na kuharibika baada ya robo saa.

Ninakuomba, Mhariri, ukurasa wako wa teknolojia uchapishe maelekezo ya namna hii kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, kwa sababu kijana anayeshindwa kuelewa maneno ya mipangilio ndiye anayeuziwa Gold ya uongo. Nawaomba pia mafundi wenzangu wawashe kile kipimo cha kasi mbele ya mteja kabla ya kutaja bei. Ziko gemu nzito, kama zile za God of War, ambazo simu dhaifu haitaziweza hata ukirekebisha kila kitu, na mteja wa simu hiyo anastahili kuambiwa hivyo akiwa bado na fedha yake mfukoni.

Fundi simu,
Tanga